Wifi Gudveig na Bili ya Joto

Mimi si mwepesi wa kumsifu wifi yangu. Gudveig aliolewa na kaka yangu Sjur tukiwa wasichana, na tangu hapo amekuwa mtu wa kunirekebisha: jinsi ninavyokata jibini, jinsi ninavyoegesha gari, hata jinsi ninavyopiga chafya. Lakini aliyoyafanya majira haya ya baridi, bili ya joto ilipotaka kumnyima mume wake, lazima niyaseme, maana yeye mwenyewe hatayasema hata umtekenye.

Sjur alipigwa na kiharusi mwishoni mwa kiangazi, akiwa juu ya ngazi akipaka ghala rangi. Hakufa, namshukuru Mungu, ila mkono na mguu wa kulia viligoma, na maneno mengi yakampotea. Wakamweka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kule chini bondeni. Wanamtunza vizuri, sina la kulalamika. Ila kila Gudveig aliposimama kuaga, kaka yangu alianza kutafuta viatu vyake kwa mkono mmoja chini ya kitanda, ili waondoke wote. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta funguo za gari.

Basi Gudveig akaamua kwamba Sjur anarudi nyumbani. Chumba cha nyuma pale chini, kile cha vikorokoro, kingegeuzwa chumba chake. Bafu lingevunjwa lijengwe upya bila kizingiti, ili kiti cha magurudumu kipite. Akamwita fundi Tollef, seremala wetu, mtu mrefu ambaye maneno anayatoa kwa kijiko. Vitu vyote vya chini vikapandishwa juu na kurundikwa katika chumba cha kulala na vyumba vingine vya huko hadi pakawa hapapitiki. Gudveig akahamishia kitanda chake sebuleni, akaendelea kuishi katikati ya vumbi la mbao, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Halmashauri haikukataa. Ilisema tu kwamba kabla ya kuamua itaita kikao, na familia iseme kama nyumba na mwenye nyumba watamudu. Hapo familia maana yake Ragnfrid, binti yao wa pekee, daktari wa meno kule Hamar. Ragnfrid ni mtoto mwema. Ila ana ile tabia ya kazi yake: akikutazama tu, anatafuta kilichooza.

Januari ikaja na baridi ya kupasua miti, na baada yake ikaja bili ya umeme. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka uliopita. Tangu baba yake augue bili zote zinamfikia Ragnfrid kwenye simu, kwa hiyo Jumamosi alikuwa amekwisha kufika, koti bado mwilini.

"Mama, hii ni nini?"

"Bili."

"Najua ni bili! Unapasha joto nyumba au bonde zima?"

"Kaa ule kwanza," Gudveig akasema, akimsogezea mkate na jibini ya kahawia. "Umekonda."

"Mama, nauliza."

"Nimesikia, mwanangu. Sijui. Lakini nyumba hii nimekaa nayo tangu hujazaliwa. Ikiwa na homa, nitajua tu inaumwa wapi."

Nyumba yenyewe inapashwa na pampu ya joto, sanduku linalovuma nje ya ukuta na kusukuma maji ya moto kwenye redieta za vyumba vyote, chini na juu. Bwana wa pampu hiyo ni kipimajoto kimoja kidogo kama kiberiti, kilichopachikwa ukutani sebuleni. Kikiona nyumba imepoa, kinaiamuru pampu ichape kazi. Kikiridhika, kinainyamazisha. Sjur alikiweka mwenyewe, na ilikuwa marufuku mtu mwingine kukigusa.

Ragnfrid akafungua simu yake. Mita zetu siku hizi zinatoa habari saa kwa saa, hazina siri. "Ona. Mchana umeme ni wa kawaida. Ikifika saa nne usiku unapanda kama mlima, na haushuki mpaka asubuhi. Nani anafanya kazi humu usiku?"

Sote, pamoja na mimi niliyekuja kunywa kahawa, tukageuka kutazama bafuni. Kule Tollef alikuwa ameacha mashine yake ya kukaushia saruji, dude jekundu lenye feni. Ragnfrid akaenda akachomoa waya wake kama anavyong'oa gego. Usiku ule alilala pale pale sebuleni na mama yake, kwenye godoro, na kesho yake akarudi Hamar akiamini ugonjwa umepona.

Jumatatu Tollef alikuta waya umechomolewa na mashine imesukumwa pembeni. Akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mnanishuku," akasema.

"Binti ndiye aliyekushuku," nikamjibu. "Sisi tulikuwa tunatazama tu."

"Mashine ile naizima mwenyewe kila jioni. Kabla ya kuvaa kofia."

"Najua, Tollef," Gudveig akasema. "Ningekushuku ningekwambia usoni. Njoo unywe kahawa."

Alikunywa, lakini bila sukari, na yeye ni mtu wa vijiko vitatu. Hapo nilijua kaumia. Na kwa kweli alikuwa msafi: mashine ilikaa imezimwa, na umeme wa usiku uliendelea kupanda vilevile.

Sasa hapo ndipo wifi yangu aliponishangaza. Mtu mwingine angeita kampuni, au angelia. Gudveig alianza kuihoji nyumba kama hakimu. Kila jioni alizima kitu kimoja, na kila asubuhi alimpigia Ragnfrid kuuliza usiku ulikuwaje. Alizima nyaya za joto za sakafu ya kibarazani. Hapana, si zenyewe. Alizima tangi la maji ya moto, akaoga maji yanayotia ganzi, hapana. Alizima friza, nyama yote ya mawindo ya Sjur akaitoa nje kwenye theluji na kuifunika kwa beseni ili mbweha wasije kufanya karamu, hapana. Mchana alikuwa kwa Sjur akimlisha na kumfanyisha mazoezi ya kutamka, jioni alikuwa anamshikia Tollef mbao. Katikati ya hayo yote alikuwa anafikiri. Mimi ningekuwa nimekwisha kuichoma moto ile pampu.

"Wifi, utakufa kwa baridi kabla kaka yangu hajarudi," nikamwambia siku nilipomkuta jikoni amevaa kofia ya sufu.

"Nikifa utamtunza wewe."

"Basi ongeza soksi."

Lakini siku chache baadaye nilimkuta anaosha kikombe kilichokuwa kisafi tangu asubuhi. Alikuwa amenipa mgongo. "Ragnfrid kanipigia," akasema. "Kaniuliza kama naamka usiku. Kama nagusa vitufe vya pampu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nalala fofofo. Akasema, 'Labda unaamka usikumbuke, mama.'"

Akaendelea kukisugua kile kikombe. Hapo nikaelewa kwamba habari si bili tena. Mtoto ameanza kumhesabu mama yake pamoja na wagonjwa. Kikao kilikuwa wiki ijayo. Ragnfrid akisema mbele ya halmashauri maneno mawili tu, "mama anasahau," basi kaka yangu atabaki kule chini bondeni akitafuta viatu chini ya kitanda mpaka siku watakayomtoa amebebwa.

"Tutaipata hiyo homa," nikasema.

"Tutaipata," akajibu, na akakiweka kikombe kabatini.

Siku iliyofuata alinituma juu kuleta sufu. Nilipanda ngazi na sweta langu, nikashuka nimelowa jasho.

"Wifi, huko juu mnaoka mikate?"

"Huko juu hakuna mtu."

"Ndiyo maana nauliza."

Akaacha alichokuwa akifanya, akapanda mwenyewe. Nilimsikia akipenya kati ya makabati, akigusa redieta moja baada ya nyingine. Alishuka taratibu, akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Pampu haina kosa," akasema. "Inatii tu. Kuna anayeiambia nyumba imeganda, nayo inapika mpaka juu kwa ajili ya makabati na viti. Ni nani anayeiambia?"

Tollef alikuwa amechungulia kutoka bafuni, na wote watatu tukatazama kile kipimajoto cha ukutani. Tollef akakibandua, akapuliza vumbi, akaweka cha kwake pembeni. Tukangoja. Vikasoma sawasawa, joto zuri la sebule ya watu.

"Kizima," Tollef akasema.

"Kizima mchana," Gudveig akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusikia hatua za mwizi na bado hajamwona.

Theluji ilianguka usiku ule mpaka ikaziba mlango. Asubuhi nilikuja na kiti changu cha kuteleza juu ya theluji, chenye vyuma viwili chini, nikasukuma kwa mguu mmoja na kujikaza nisianguke mbele ya watu. Tollef naye alikuwa ndiyo kwanza anafika. Gudveig alikuwa nje tayari na sepetu. Alitoka kuzoa theluji kabla hata ya kutandika kitanda, ili fundi apate njia. Ghafla akaacha kuzoa.

"Halldis, yule paka wa jirani anafanya nini pale?"

Paka alikuwa amejikunja juu ya kibao cha nje cha dirisha la sebule, macho yamefumba, kaburudika.

"Anaota joto," nikasema.

"Nje? Katika baridi hii?"

Tukasogea. Kote theluji ilikuwa imelala nene, lakini pale kwenye kibao mbao zilikuwa tupu na zimelowa. Juu ya dirisha ukuta ulikuwa umeota ndevu nyeupe za barafu, kama mdomo wa mtu aliyehema sana nje. Na dirisha lilikuwa wazi, upana wa ngumi, pazia likipunga kidogo.

"Dirisha lina nini?" Tollef akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Naomba nieleweke. Sisi hulala dirisha wazi. Baba zetu walilala hivyo, watoto wetu wanalala hivyo, hata kiwe kipupwe cha namna gani. Chumba cha kulala ni cha hewa safi, joto ni kazi ya blanketi, na redieta ya chumba hicho huwa imefungwa kabisa. Anayelala dirisha limefungwa tunamwuliza kama anaumwa. Kwa hiyo Ragnfrid alimwuliza mama yake juu ya vitufe, juu ya mashine, juu ya kumbukumbu zake, lakini hakuna aliyewahi kuuliza habari ya dirisha, kama ambavyo huwezi kumwuliza mtu kama usiku alipumua.

"Pale ndipo ninapolala," Gudveig akasema taratibu.

"Ndiyo," Tollef akasema.

"Na pale ndipo kilipo kipimajoto."

Tollef akavua kofia.

Ilikuwa wazi kama mchana. Miaka yote walilala juu, dirisha wazi na redieta imefungwa, na kipimajoto kilikaa zake chini sebuleni, hakijui lolote. Gudveig alipohamisha kitanda, alihamisha na desturi yake pamoja na blanketi. Kila usiku saa nne alifungua dirisha, akalala usingizi wa mwenye haki, na kile kidude ukutani kikasimama kwenye baridi mpaka asubuhi kikipiga kelele, "Tunaganda! Tunaganda!" Akiamka analifunga, anakaa jikoni na kahawa, na sisi tukija tunakuta kila kitu shwari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa ghala. Tollef naye alicheka, jambo ambalo halijaonekana hapa tangu harusi ya dada yake. Kisha nikaona Gudveig hacheki. Alikuwa ametulia ameegemea sepetu.

"Ni mimi," akasema. "Ni mkono wangu mwenyewe."

Kicheko kikanikauka. Kweli: Ragnfrid alikuwa amesema ni mama, na ni mama.

"Sikiliza, wifi," nikasema. "Leo tunahamisha kipimajoto, bili inashuka, yamekwisha. Mwambie ilikuwa pampu. Nani atajua?"

"Sema ni mashine yangu," Tollef akasema. "Mimi nimekwisha kushukiwa tayari."

Sijui watu wengine wana mafundi wa namna gani, sisi tuna Tollef. Macho ya Gudveig yakalowa, akamshika mkono na glavu yake.

"Ahsante, Tollef. Lakini hapana. Nikimdanganya leo habari ya dirisha, kesho nikimwambia baba yake kala vizuri, ataniamini vipi?"

"Mtoto akikusema vibaya kwenye kikao, Sjur harudi," nikamwambia. Nilikuwa na hasira. "Unaelewa hilo?"

"Naelewa kuliko wewe, Halldis. Mficha uchi hazai. Shika hilo sepetu la pili tumalize njia."

Ragnfrid alikuja siku moja kabla ya kikao. Gudveig aliweka mkate bapa wa viazi mezani, siagi na sukari, na hakungoja hata mtoto aanze kula. Alimweleza yote, paka na ndevu za barafu na kipimajoto, bila kupunguza. Mimi nilikaa pembeni nikiwa nimeuma ulimi.

"Kwa hiyo ni wewe," Ragnfrid akasema.

"Ni mimi."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Na sikusahau kulifunga, mwanangu. Nililifungua na akili zangu timamu, kama nilivyolifungua kabla hujazaliwa. Sikukifikiria kipimajoto, basi. Ukitaka kusema kesho kwamba mama yako amekosea, sema, ni kweli. Ila usiseme amesahau. Baba yako namtaka, lakini simwombi kwa uongo, na sitaki anyimwe kwa uongo."

Ragnfrid alichukua simu, akaanza kurudi nyuma kwenye zile picha zake za milima, usiku kwa usiku. Akasimama. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Nini?" nikamwuliza.

"Jumamosi ile niliyolala hapa," akasema, sauti ndogo. "Ndiyo umeme ulipanda kuliko zote."

Gudveig alipaka siagi.

"Nilisema kuna harufu ya rangi. Nikaamka nikalisukuma dirisha, nikalifungua lote." Akaweka simu kifudifudi. "Shangazi, naomba usiseme chochote."

"Mimi? Sisemi," nikasema. "Ila bonde zima linakushukuru, usiku ule lilipata joto."

Akaanza kucheka, na kicheko kile kikakatika katikati kikawa kitu kingine. Alimwangukia mama yake begani, mwanamke mzima na nywele zake za mvi zinazoanza. "Niliogopa, mama. Baba ameondoka nusu. Nikadhani na wewe unaanza."

"Bado nipo," Gudveig akasema, akimpigapiga mgongo na mkono wenye siagi. "Siku nikianza, utakuwa wa kwanza kuambiwa. Shangazi yako hatakuchelewesha."

Kwenye kikao Ragnfrid ndiye aliyesema. Nilikuwepo. Aliwaambia kwamba mama yake ametafuta hitilafu ambayo watu watatu walishindwa kuiona, akaipata, na ilipomwangukia yeye mwenyewe akaitaja. "Mtu wa namna hiyo," akasema, "ndiye ningetaka anitunze mimi." Wale wa halmashauri wakaandika, mmoja akapenga kamasi.

Tollef alihamishia kipimajoto ukumbini, mbali na dirisha lolote. Akamaliza bafu, akapaka, akafagia, akakataa kulipwa saa za kazi za ule mchana wa kukibandua. Sjur aliletwa siku ya theluji ya majimaji, kwenye gari lenye lifti. Gudveig alitoka mbio kumpokea, akamsukuma mwenyewe mpaka ndani, mlango mpya ukampitisha kaka yangu bila hata kumtikisa, akamlaza, akamfunika. Tukawaacha wawili.

Nilipochungulia baadaye Sjur alikuwa anakoroma. Gudveig alikuwa amesinzia kwenye kiti kando ya kitanda, na miguuni ana viatu vyake vya theluji, maji meusi yanatambaa kwenye sakafu mpya. Huyu ni mwanamke ambaye hata mchungaji alimvulisha viatu mlangoni. Nilimtazama nikaona alivyokonda majira haya, na mimi nilikuwa nimeona tu kofia na soksi. Nampenda, na ilinichukua muda huo wote kulijua hilo. Nikapiga magoti, na magoti yangu ni mabovu, nikaanza kufungua kamba.

Akafumbua jicho moja. "Halldis, unafanya nini?"

"Nakuvua viatu. Umechafua nyumba."

"Acha, nitavua mwenyewe."

"Nyamaza, wifi. Lala."

Akalala. Nikaviweka viatu mlangoni, nikachukua kitambaa, nikapangusa sakafu.